Jiwe Lililopigiwa Kura Nzuguni

Jirani yangu wa Nzuguni alistaafu utumishi katika ofisi za bunge akaondoka na vitu viwili: saa ya ukutani waliyomuaga nayo, na tabia ya kutofanya jambo lolote bila kikao. Paka akizaa stoo, kikao. Bomba likipasuka, kikao, na maji yanaendelea kumwagika mpaka ajenda ifike. Wazee wenzake wa mtaa, wastaafu wa wizara hii na ile waliohamia Dodoma pamoja na makabati ya ofisi zao, wakajenga na kubaki, walimpenda kwa hilo. Mtu akistaafu anakosa kuitwa mjumbe, na sebuleni kwa jirani yangu wote waliitwa wajumbe. Yeye mwenyewe aliitwa Mwenyekiti, hata na mkamwana wake, hasa siku alizokuwa amemkasirikia.

Mkamwana huyo alikuwa binti wa Kondoa, mwepesi wa ulimi na mwepesi wa kucheka. Mumewe alikuwa kikazi Tabora, naye akaletwa akae kwa baba mkwe mpaka ajifungue, karibu na hospitali kubwa. Mimba ilikuwa imefika mwezi wa saba. Iliyotangulia ilikuwa imeharibika, na habari hiyo hakuitaja kwa mtu. Niliijua kwa namna alivyokuwa akiweka mkono tumboni kila gari lilipopiga honi. Jiko la nyumba ile lilikuwa himaya yake. Kuanzia asubuhi mpaka jioni alikuwa mle, na wajumbe walimjua zaidi kama sauti inayojibu "Inakuja!" wanapouliza chai.

Mimi nafundisha elimu ya miamba chuoni. Mtaani watu huamini kwamba mtu wa miamba anajua dhahabu ilipo, ila ananyamaza kwa choyo. Nimeletewa vipande vya chupa vilivyosuguliwa na mto nikaambiwa ni almasi. Nimeletewa bonge la lami. Vyote huwa navipokea, namkalisha mtu, tunaangalia pamoja, na mara nyingi anaondoka akiwa amejifunza kitu, hata kama ni kwamba lami ni lami.

Jiwe la Mwenyekiti lilikuja na lori la mawe ya kujengea uzio, kutoka upande wa Kondoa. Lilikuwa na ukubwa wa mkate, jekundu, zito kuliko wenzake. Mvua ya kwanza ilipoliosha likang'aa, na Mwenyekiti akaliingiza ndani, akalifunika kwa taulo. Kesho yake mtaa mzima ulijua kuwa Mwenyekiti amepata zebaki.

Niieleze hapa homa ya zebaki, kwa asiyeijua. Kila mkoa wa nchi hii una mtu aliyevunja cherehani ya bibi yake akitafuta zebaki nyekundu. Wengine wamefumua redio za mbao. Wengine wamechimba chini ya majengo ya Mjerumani mpaka kuta zikaegemea. Zebaki nyekundu wanayoitafuta, ile inayosemekana kununuliwa na wageni wasiotajwa kwa bei isiyotajika, haipo. Zebaki ni ya rangi ya fedha, ni metali iliyo majimaji, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua vizuri mno kwa hasara ya mapafu yao. Lakini lipo jiwe jekundu lenye zebaki ndani yake, na hapo ndipo maneno ya mtaani na ya darasani yanapogongana. Linaitwa sinabari. Ni zebaki iliyoshikana na salfa, na zikishikana hivyo zinatoa wekundu wa pilipili iliyoiva. Zamani, katika nchi za mbali, watu walilisaga wakapaka kuta na vitabu. Ni jiwe zuri. Ni jiwe pia la kukaa nalo kwa adabu, maana likipata moto wa kutosha zebaki huachana na salfa na kuondoka kama mvuke, na mvuke huo hauna rangi, hauna harufu, hauna huruma.

Niliitwa kwenye kikao nikiwa mtaalamu mwalikwa. Nilikwenda na kigae cha bafuni, kile upande wa nyuma usiong'aa, na kichupa kutoka maabara kilichofungwa kwa nta, ndani yake kipande cha sinabari halisi ukubwa wa punje ya kunde.

"Mwalimu," Mwenyekiti akasema baada ya dua, utambulisho, na kuthibitishwa kwa ajenda yenye jambo moja, "tunakupa nafasi."

"Ahsante, Mwenyekiti. Tuanze na rahisi. Jiwe likisuguliwa hapa linaacha unga, na unga hausemi uongo kama ngozi ya jiwe. Sinabari inaacha mstari mwekundu mkali. Tujaribu."

Nikalisugua. Mstari ukatoka wa kahawia, rangi ya kutu ya bati. Nikawaeleza kwamba hilo ni jiwe la chuma, ndugu wa karibu wa kutu, na ndilo linaloupaka udongo wetu rangi kuanzia hapa mpaka vilima vya Kondoa.

"Tukienda mbele, sinabari ni laini. Kucha ngumu inaweza kuikwaruza. Nani mwenye kucha?"

Katibu wa kikao, aliyekuwa ofisa utumishi, akatoa kidole gumba. Jiwe halikupata hata alama. Kucha ilipasuka, na ikabidi kikao kisimame kwa muda mfupi.

"Lakini bonde la ufa si liko hapo tu?" akauliza mjumbe mmoja, mstaafu wa wizara ya kilimo. "Na wewe uliwahi kutuambia madini haya hutoka kwenye volkano."

Nilifurahi, kwa sababu lilikuwa swali zuri na mwenye swali zuri hapaswi kuachwa hivi hivi. Nikamwambia ni kweli: sinabari hupenda nchi changa, penye volkano na chemchemi za moto, ambapo maji ya moto hupanda katika nyufa yakiwa yamebeba zebaki na salfa, na yakipoa karibu na uso wa nchi huzitua pale. Kwa hiyo mtu akienda kuitafuta bondeni sitamcheka. Ila hizi graniti tulizojengea uzio ni kongwe kupita akili. Chochote kilichokuwa karibu na uso wake kimeshachukuliwa na mvua na upepo. "Na hata tukibishana kuhusu nchi," nikasema, "jiwe lenyewe liko mezani, na tumeshaliuliza."

Kisha nikatoa kichupa changu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Sinabari ina udhaifu mmoja: ikikaa kwenye mwanga muda mrefu, wekundu wake hufifia, ikaelekea kijivu na weusi. Kipande changu kilikuwa kimekaa miaka kwenye dirisha la maabara, linalotazama magharibi. Kichupa kikapita mkono kwa mkono, na kila mjumbe alikiinua kwenye taa kama anayekagua shahada ya kughushi.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mbona kama kaa la jiko?"

"Mwanga, mzee wangu. Nimeeleza kwamba…"

"Mwalimu," akasema Katibu, kidole chake kikiwa kimefungwa kitambaa, "wewe umetuambia jiwe ni jekundu. Letu ni jekundu. Lako ni jeusi. Halafu unasema la kwetu ndilo siyo?"

Sebule ikacheka. Nilicheka nao, maana kwa namna walivyopanga hoja, ilikaa vizuri. Mwenyekiti akasubiri utulivu, akakohoa, akakaa kitako kama mtu aliyesubiri siku hiyo tangu alipokuwa akibeba makabrasha ya wengine.

"Waheshimiwa wajumbe, hoja imetolewa kwamba jiwe lililopo mezani ni sinabari. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo," nikasema.

"Nadhani walioafiki wameshinda."

Wakapiga meza. Ikaazimiwa pia kwamba jiwe langu jeusi lina mashaka na chuo kishauriwe. Wanafunzi wangu wamewahi kunibishia, mashine zimewahi kunipa majibu ya ajabu, lakini sikuwahi kuona madini yakipatikana kwa wingi wa sauti. Mkamwana alinisindikiza mpaka getini.

"Pole mama. Wamekushinda kwa kura ngapi?"

"Zote."

"Afadhali wewe. Juzi walipiga kura kwamba chumvi imezidi, na mimi ndiye niliyeonja."

Nikadhani yameisha. Jiwe la chuma halimdhuru mtu, likae kwenye taulo lake, wazee waendelee kufurahi. Lakini jiwe likishapitishwa huhitaji utekelezaji, na kwa ajili ya utekelezaji wajumbe wakamtafuta mtu waliyemwita mtaalamu.

Alikuja Jumamosi mchana. Alivaa koti lenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka ndani yake, akawaita wazee "wakubwa zangu", na akasema ametoka machimboni, bila kutaja machimbo gani. Jiwe lilikuwa limeshakaa kwake siku kadhaa "kwa vipimo". Sasa amelirudisha aoneshe zebaki ikitoka, kisha wakubwa zake wachangie mtambo wa kuikamua. Nilialikwa tena. Nadhani Mwenyekiti alitaka nishuhudie kushindwa kwangu kukamilika, na alinialika kwa upole kabisa.

Tatizo lilikuwa mahali. Uani kulikuwa na upepo wa Dodoma, ule unaopeperusha sufuria tupu, na kulikuwa na majirani. Kwa hiyo likawekwa jiko la mkaa ndani, jikoni, katikati ya sakafu, mlango ukafungwa, dirisha likafungwa, pazia likashushwa. Mkamwana alitolewa nje na ungo wake wa mchele. Mtaalamu akachukua sufuria ya kwanza aliyoiona kwenye kabati, akaweka jiwe ndani, akaanza kupepea.

Niliingia nikakuta mambo yamefika hapo. Kabla sijasema kitu nikasikia harufu ya mshumaa.

Sinabari ikichomwa haitoi harufu ya mshumaa. Hutoa harufu ya salfa inayoungua, ile ya kiberiti kilichowashwa chini ya pua, inayokoholesha. Na zebaki yake haitiririki kama jasho. Hupanda mvuke, na lazima uupoze kwenye kitu ndipo upate matone. Jiwe lililokuwa kwenye sufuria lilikuwa na tundu ubavuni, lililozibwa kwa nta iliyochanganywa na udongo mwekundu. Nta ikayeyuka. Matone ya fedha yakaanza kudondoka kutoka tunduni, mazito, ya mviringo, yakikimbizana ndani ya sufuria.

"Allahu akbar," akanong'ona wa kilimo.

"Haleluya," akasema Katibu.

Siku hiyo tu niliona dini zote za mtaa zikikubaliana. Mwenyekiti alikuwa na machozi. Mtaalamu akainamisha sufuria awaoneshe vizuri, tone moja likaruka, likagonga sakafu, likapasuka kuwa vitone vidogo vidogo vilivyosambaa mpaka chini ya friji. Mwenyekiti akakiokota kimoja, akakiviringisha kiganjani kama mtoto na gololi.

Zebaki ile ilikuwa ya kununuliwa, ya kawaida, ya wachimbaji. Lakini ilikuwa zebaki, ilikuwa motoni, na chumba kilikuwa kimefungwa. Sehemu kubwa ya iliyokuwa ikichemka mle haikuwa inadondoka, ilikuwa inapaa, na hakuna aliyeiona. Ingekaa ukutani, kwenye pazia, kwenye nyufa za sakafu, na mtu wa kwanza kurudi mle na kukaa kutwa nzima alikuwa mkamwana mwenye mimba ya miezi saba. Zebaki hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na hukimbilia kwenye ubongo unaotengenezwa.

Nilijua kupiga kelele hakutasaidia. Hawa hawasikii kelele, wamezizoea. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mwongozo."

Akageuka papo hapo, tone likiwa kiganjani. Hakuweza kukataa neno hilo la bungeni hata kama nyumba ingekuwa inaungua. "Mwongozo kuhusu nini, Mwalimu?"

"Kuhusu sumu. Naomba jiko litolewe nje sasa hivi, dirisha lifunguliwe, na sisi wote tutoke. Nitaeleza uani. Nitaeleza mpaka mchoke."

"Wakubwa, huyu ni wivu," akasema mtaalamu, akiendelea kupepea.

"Siyo wivu. Mkamwana wako ni mjamzito, Mwenyekiti. Anapikia hapa."

Akasita. Nilimwona akisita, na nitampa haki yake katika hilo. Kisha akaangalia wajumbe wake, na wajumbe wakaangalia matone.

"Suala hili," akasema taratibu, "ni vema likaamuliwa na kikao. Wanaoafiki kwamba shughuli ihamie nje waseme ndiyo."

"Ndiyo!" Nilisema kwa sauti ya watu watano.

"Wasioafiki?"

Sitaandika walivyojibu. Nilizuia pumzi, nikafungua dirisha, mtu akalifunga nyuma yangu, nami nikatoka.

Mkamwana alikuwa uani, kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Shikamoo mama. Wamepata?"

"Marahaba. Wamepata zebaki, ndiyo. Ameiweka huyo mtu mwenyewe kwenye jiwe. Wanaichemsha."

Akaacha kuchambua. "Kwenye sufuria gani?"

"Ndogo, ya mfuniko wa bluu."

"Ya uji wangu?"

"Ya uji wako. Lakini sufuria ni jambo dogo, mwanangu." Nikachuchumaa, nikamweleza yote: mvuke, nyufa, mtoto. Sikupunguza na sikuongeza. Aliuliza maswali mawili. Je, ameshadhurika? Nikamwambia hakuwa chumbani, mlango ulikuwa umefungwa, na kesho tutakwenda kliniki aeleze ili wampime wajue. Je, wakimaliza na kupiga deki, ataweza kurudi? Nikamwambia hapana, na deki ingeharibu zaidi.

Alisimama, akaenda chumbani kwake kwa mlango wa mbele, akatoka na begi na kadi ya kliniki. Mchele akauacha pale kwenye ungo. Tulipofika kwangu tulisikia ng'ambo ya uzio sauti ya Mwenyekiti ikiita chai. Iliita tena. Baadaye ikaita kwa jina la heshima zaidi. Hakuna aliyejibu "Inakuja", na baada ya muda wajumbe walianza kutoka mmoja mmoja, midomo mikavu, mtaalamu akitangulia na kichupa chake cha zebaki pamoja na michango ya mtambo. Jiwe aliwaachia.

Mwenyekiti alikuja kwenye uzio jua lilipokuwa linashuka.

"Mwalimu, nimeambiwa mwanangu yuko kwako."

Mkamwana akatokea mlangoni, akapiga goti kidogo kama desturi. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Twende nyumbani."

"Sirudi, baba."

"Tutazungumza nyumbani."

"Nakusikia, baba. Sirudi. Lile jiko lina zebaki."

"Tumefungua madirisha."

"Ahsante, baba. Sirudi."

Nimeona mawaziri wakijibu maswali kwenye televisheni, lakini sijaona hoja ikirudiwa kwa adabu namna hiyo bila kusogea hata inchi. Mwenyekiti alitafuta kikao cha kumpelekea suala lile. Wajumbe hawakuwepo, walikuwa makwao wanahesabu faida ya mtambo. Mwanawe akampigia simu kutoka Tabora, Mwenyekiti akaisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kumsikiliza mtu, akaniuliza kwa sauti ndogo, bila cheo: "Nifanye nini?"

Hilo nalo lilikuwa swali zuri.

Nikamfundisha. Kwanza jiko likae wazi siku nzima, milango na madirisha, mlango wa ndani ukiwa umezibwa, na mtu asiingie. Ufagio hapana, maana unapasua matone na kuyatawanya, maji hapana. Glovu, kitambaa usoni, viatu vitakavyotupwa. Tochi ilazwe sakafuni, mwanga ukienda chini chini, ndipo vitone hung'aa. Uvisukume kwa kadi ngumu, uviingize kwenye chupa yenye maji, ufunge. Sufuria, jiko la mkaa, pazia, vyote kwenye ndoo yenye mfuniko, ipelekwe kwa wanaohusika na kemikali, isitupwe dampo. Nilisimama nje ya dirisha nikimwelekeza, naye akatambaa. Alitambaa kwa bidii. Wa kilimo alikuja, akaona, akavaa viatu vya kutupwa bila kuitwa mjumbe, akaleta tochi nyingine. Katibu hakuja; nasikia alimtetea mtaalamu mpaka simu ya mtaalamu ilipoacha kupatikana.

Kliniki walimpima mkamwana, wakamwambia anaendelea vizuri na akae mbali na lile jiko. Alikaa kwangu, akalipanga upya kabati langu bila ruhusa, akanifundisha kupika mlenda usioshikana na kijiko.

Lakini sakafu ya Mwenyekiti ilikuwa ya saruji ya zamani, yenye nyufa, na zebaki ikiingia kwenye ufa haitoki kwa kadi wala kwa tochi. Inakaa humo inapumua, hasa siku za joto, na Dodoma ina siku za joto za kutosha. Nilimweleza hilo kwa upole. Nilitegemea kikao.

Hakuitisha. Siku iliyofuata asubuhi nilisikia sururu. Alivunja sakafu yote ya jikoni mwenyewe, kwa zamu na wa kilimo, nyuso zimefungwa, vifusi vikiingia kwenye mifuko iliyovalishwa miwili miwili. Wakamwaga zege jipya, wakalilaza kwa ubao, wakalifunika kwa magunia na kulimwagia maji jioni na asubuhi ili lisipasuke.

Mkamwana alikuwa akienda mpaka kwenye uzio kila siku kuuliza.

"Baba, limekauka?"

"Bado, mwanangu," Mwenyekiti alimjibu, akiwa amepiga magoti mlangoni, anabonyeza pembeni kwa kidole. "Usije leo. Ngoja liwe jiwe."